Gitaa linavuma kabla halijapigwa

SWALI: Ndugu Mhariri, napiga gitaa la umeme katika kwaya yetu hapa Bugarika, Mwanza. Tangu tuhamie kwenye jengo jipya, amplifaya inavuma hata kabla sijagusa gitaa, na mvumo hupungua nikishika nyuzi. Nobu ya volyumu nayo inakwaruza. Mwenzangu anayepiga kinanda ananishauri nifungue plagi ya amplifaya na kuondoa waya wa kijani na njano, kwa kuwa yeye alifanya hivyo na mvumo ukaisha. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu yetu, tafadhali usiuguse waya huo, na umwombe mwenzako arudishe wa kwake kabla ya mazoezi yajayo. Huo ndio waya wa ardhini, unaopitisha umeme uliovuja ili fyuzi ikatike. Ukiuondoa, siku hitilafu itakapotokea ndani ya amplifaya, volti 230 zinaweza kufika kwenye nyuzi unazozishika, na mdomo wako ukigusa maikrofoni ya chuma, umeme utapita mwilini mwako. Mvumo wake uliisha kwa sababu vyombo vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kikipata njia yake ya ardhini kwenye soketi ya mbali hutengeneza mzunguko unaonasa mvumo, na kuondoa waya huo kuliukata mzunguko. Dawa yake ni kuchomeka kinanda, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na amplifaya kwenye ekstensheni moja nzima yenye waya wa ardhini, mradi msiizidishie mzigo.

Baada ya hapo, tafuta mvumo unaingilia wapi. Chomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya: mvumo ukiendelea, tatizo liko ndani ya amplifaya au kwenye umeme wake, mara nyingi kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) za kuchuja umeme zilizochoka. Hiyo ni kazi ya fundi, kwa sababu kapasita, hasa za amplifaya ya valvu, hubaki na chaji hatari hata plagi ikiwa imechomolewa. Mvumo ukinyamaza, rudisha gitaa kwa waya mwingine, kisha ugeuke polepole ukiwa umelishika. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, basi pikapu zako, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni za koili moja (waya uliozungushwa) na zinanasa sumaku ya transfoma iliyo karibu, hivyo sogea mbali nayo. Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, hufuta sehemu kubwa ya mvumo huo kwa sababu koili zake hunasa kelele kinyume na kuifanya ijifute.

Kupungua kwa mvumo unaposhika nyuzi si dalili mbaya: mwili wako hunasa mvumo wa nyaya za ukutani, na nyuzi huupeleka ardhini. Kubandika karatasi ya shaba ndani ya tundu la pikapu, ikaunganishwa na waya wa ardhini wa gitaa, kutasaidia sana.

Kwa kuwa jengo ni jipya, na Bugarika ni mawe matupu, ninasisitiza fundi umeme mwenye leseni apime ukinzani wa ardhi, maana nondo ya ardhini iliyogonga mwamba na kuishia juu juu haifanyi kazi yake ipasavyo.

Kuhusu nobu, zima amplifaya, pulizia ndani ya nobu hiyo dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, si mafuta ya kulainishia, kisha izungushe mara kadhaa hadi mwisho na kurudi. Isipoacha kukwaruza, ibadilishwe.