Mhasibu amekataa PDF ya benki. Nimtumie nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mhasibu anayetufungia hesabu za mwaka kaniomba taarifa ya benki kwa barua pepe. Nilimtumia picha za skrini ya simu, akakataa. Nikatuma PDF, akasema itabidi aandike upya mstari kwa mstari. Anataka nini hasa?
Mweka hazina, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anataka CSV (faili la maandishi matupu, kila muamala mstari wake, vipengele vikitenganishwa kwa mkato) au Excel, na ana haki. Picha haijumlishiki. PDF nayo imetengenezwa isomwe na kuchapishwa; ukinakili jedwali lake, mara nyingi fedha zilizoingia na zilizotoka zinachanganyikana.

Kwenye programu ya simu unaweza kukuta PDF peke yake. Ingia huduma ya mtandaoni ya benki kwa kompyuta, chagua tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, kisha pakua CSV. Ikikosekana, chukua Excel. Zote zikikosekana, waombe tawini.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Faili likishashuka, usilifungue kwa Excel ukalihifadhi tena. Namba ya simu ya mwanachama inayoanza na 07, Excel huichukulia kuwa kiasi, ikafuta sifuri ya mbele. Namba ya muamala yenye tarakimu zaidi ya 15, zile za mwisho hugeuzwa sifuri, na ukishahifadhi hazirudi. Hata 03/04, yaani Aprili 3, inaweza kusomwa Machi 4 kulingana na kompyuta ilivyopangwa. Mhasibu atautafuta mchango asiuone, na mama aliyelipa kwa jasho lake atatajwa mdaiwa mbele ya wenzake. Hilo linaniuma sana, maana nimeshuhudia vikundi vikigombana kwa mambo kama hayo.

Kwa hiyo litume kama lilivyoshuka, pamoja na ile PDF. Tarakimu za CSV mtu yeyote anaweza kuzibadilisha, ndiyo maana mhasibu atalinganisha salio la mwanzo na la mwisho kwenye PDF.

Mna majina na namba za simu za watu humo, basi lifungie faili ndani ya ZIP yenye nenosiri, kwa programu kama 7-Zip, maana CSV yenyewe haiwekewi nenosiri, na nenosiri hilo mtajie kwa simu, usiliandike kwenye barua ileile. Lile la kuingilia benki usimpe kabisa, hata akisema atapakua mwenyewe. Akihitaji kuangalia akaunti mara kwa mara, iulizeni benki kama inaweza kumfungulia ruhusa ya kutazama tu, kwa barua yenye sahihi za viongozi wote wanaotia saini akaunti.