Kwangu mimi ni Elgin Baylor

Ndugu, umeuliza ni nani bora kati ya waliostaafu bila ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na wengi hapa wamemtaja Karl Malone. Sawa, Malone na mwenzake wa Utah Jazz, Stockton, walizuiwa na Chicago ya Jordan fainali mbili mfululizo, 1997 na 1998, na iliuma. Ila Baylor yaliyomkuta ni makubwa zaidi. Timu yake, Lakers, walifika fainali mara 8 akiwa kikosini, wakashindwa zote, 7 kati ya hizo na Boston.

Tazama fainali ya 1962. Mchezo wa tano alifunga pointi 61 na kudaka ribaundi 22 ugenini Boston. Mchezo wa saba, wa kuamua bingwa, ngoma droo 100-100, sekunde za mwisho Frank Selvy wa Lakers akapiga, mpira ukagonga chuma ukatoka. Boston wakamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza.

Goti lilimlazimisha kustaafu mwanzoni mwa msimu wa 1971-72. Kuanzia mchezo uliofuata Lakers walishinda 33 mfululizo, na msimu huohuo wakabeba ubingwa. Iverson na Barkley, nao waliostaafu bila ubingwa, nawaheshimu sana, lakini hawamfikii huyu.