Baba wa Varna ni bibi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni neno gani la Kiswahili ambalo msomaji amelikuta kwenye lugha nyingine likiwa na maana nyingine kabisa? Mimi ni baharia mstaafu, na neno langu ni baba.

Ukishuka Varna, bandari ya Bulgaria kwenye Bahari Nyeusi, tarehe 1 Machi, utakuta watu wamejifunga mkononi au wamejibandika kifuani nyuzi nyekundu na nyeupe kwa ajili ya Baba Marta. Usimtafute mzee mwenye ndevu. Baba Marta ni bikizee wa hadithi, ndiye mwezi wa Machi wenyewe, na hasira zake ziko karibu: akicheka jua linawaka, akinuna theluji inarudi. Nyuzi hazivuliwi mpaka mtu aone korongo au mti uliochanua. Kwa Wabulgaria, kama kwa Waserbia, baba ni bibi, yule aliyemzaa mama yako au baba yako.

Kwa Warusi neno hilohilo limeshuka hadhi. Zamani lilikuwa la mwanamke wa kijijini aliyeolewa. Leo ukimwita mwanamke baba umemvunjia heshima, na bibi huitwa babushka. Hata sanamu la theluji wanalofinyanga watoto huitwa baba, nalo ni la kike. Wapoland wana keki iitwayo baba. Husimuliwa kwamba ilifika Ufaransa na Stanisław Leszczyński, mfalme wa Poland aliyepoteza kiti akapewa Lorraine mwaka 1737, na Wafaransa wakailowesha kwa ramu, pombe kali ya miwa. Mimi nimeishia kuitazama kwenye kabati la kioo, kwa sababu ya hiyo ramu.

Istanbul ndipo baba anarudi kuwa baba. Ila Waturuki wameliazima jina hilo pia kwa zile nguzo fupi nene za gatini zinazofungiwa kamba za meli, kwa hiyo ukiambiwa kamba iende kwenye baba, tazama chini. Waturuki walitawala nchi za Balkani kwa karne nyingi, na neno lao likafika mahali ambapo baba mwingine alikuwa amekwisha kaa. Bosnia wakayapatanisha: babo, la Kituruki, ni mzazi wa kiume, baba, la Kislavoni, ukoo wa lugha za Warusi na Wabulgaria, ni bibi. Yote mawili yamo nyumba moja na hakuna anayekosea.

Sasa wapo wanaolishika neno hili kuthibitisha kwamba lugha zote ni za ukoo mmoja. Si Wachina wanasema baba, Wayoruba baba, Wazulu ubaba? Hapo siwafuati. Kuazimana kwa Waturuki na Wabosnia kunajulikana, lakini Mchina hakuazima kwa Myoruba. Mwanaisimu Roman Jakobson, akitumia orodha ya maneno 1,072 ya kuitia baba na mama iliyokusanywa na George Murdock, alieleza kwamba chanzo ni kinywa cha mtoto. Sauti za midomo ndizo rahisi: b na p midomo ikifunguka, na m ambayo hutoka puani hata mdomo ukiwa kwenye ziwa. Mtoto anabwabwaja, wakubwa wanajichagulia nani kaitwa. Kwa kawaida m huangukia kwa anayenyonyesha, lakini si lazima. Vuka Bahari Nyeusi hadi Georgia, ile ya Kaukazi: huko mzazi wa kiume ndiye mama, wa kike ni deda, na babu ni babua.

Kwa Waarabu kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi ya haya yote. Baba wa Kiarabu humwita mwanawe "baba", hata akiwa binti. Mzazi anampa mtoto cheo chake mwenyewe. Sisi nasi tuna "kula, baba", lakini huyo ni mtoto wa kiume, na mara nyingi amebeba jina la babu yake, kwa hiyo mama anamwona baba yake hasa. Mwarabu hafanyi hesabu hiyo. Mama wa Kiarabu humwambia mwanawe wa kiume "mama", mbele za watu, na kijana ana masharubu tayari, wala haoni haya. Mjaribu kijana wa Tanga kwa jina hilo sokoni, uone kama utamaliza kununua samaki.