Ukitaka kuipenda futiboli ya vyuo ya Marekani, anzia kwa watani wa jadi

Kila ikifika Septemba hapa Columbus, Ohio, napata swali lilelile kutoka kwa ndugu zetu waliohamia karibuni, wengine wametoka Congo, wengine Kenya, wengine nyumbani Tanzania: hivi huu mpira wa mikono wanaoupenda hivi hawa watu unaangaliwaje? Maana mtu anawasha TV Jumamosi anakuta mechi zimejaa kuanzia mchana mpaka usiku wa manane, vyuo zaidi ya 130 vya daraja la juu, kila kimoja na rangi zake na wimbo wake, anaangalia robo saa anazima. Ushauri wangu ni mmoja na nautoa kwa moyo wote. Usianze na sheria, usianze na msimamo, chagua dabi moja tu, hasa ya watu unaoishi nao, uishike hiyo, mengine yatakufuata yenyewe.

Kwangu mimi ni Ohio State, chuo cha hapa Columbus, na Michigan, chuo cha jimbo jirani la kaskazini. Walikutana mara ya kwanza 1897, na huku watu wanaiita tu Ile Mechi, hakuna anayeuliza ipi. Ugomvi wenyewe kati ya majimbo haya una umri mkubwa kuliko mpira, kwasababu 1835 Ohio na Michigan walitaka kupigana kabisa kugombea ukanda wa ardhi wenye mji wa Toledo, wakapeleka wanamgambo mpakani, mwishowe Toledo ikabaki Ohio na Michigan wakafidiwa ile rasi ya kaskazini. Sasa wewe uliyezoea Simba na Yanga unajua ukifungwa mzunguko wa kwanza kuna wa pili, hawa wenzetu wana Jumamosi moja tu ya mwisho wa Novemba, ukifungwa utaishi nayo mwaka mzima kazini, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya supamaketi. Wiki hiyo wanafunzi wa Ohio State wanaziba kila herufi M kwenye mabango ya chuo kwa utepe mwekundu. Herufi yoyote, hata ya jina la jengo.

Sheria nazo utazijua vizuri zaidi ukiwa na kitu kinachokuuma. Mfano mwepesi ni mechi ya 2016, ilienda muda wa nyongeza mara mbili, Ohio State wakafika kwenye jaribio la nne wakihitaji yadi moja, kwotabeki wao, yani yule anayeongoza mashambulizi, J.T. Barrett, akajitosa kwenye rundo la watu, waamuzi wakasema amefika, wakaangalia marudio wakaacha uamuzi ulivyo, mchezo uliofuata Curtis Samuel wa Ohio State akakimbia na mpira mpaka ndani ya eneo la goli, wakashinda 30 kwa 27. Mpaka leo ukikaa na mtu wa Michigan atakwambia hakufika. Basi hapo ndo ushajifunza moyo wa mchezo mzima: una majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukifika unapewa manne mengine, usipofika mpira unakwenda kwa mwenzako, ndo maana watu wazima wanalilia nusu hatua. Pia umejifunza muda wa nyongeza wa vyuo, kwamba hakuna saa, kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka kwenye goli la mwenzake. Siku hizi awamu ya pili ukifunga tachidauni, yani ukiuingiza mpira eneo la goli la mwenzako, ni lazima utafute pointi mbili za ziada badala ya kupiga teke la ile moja, na kuanzia ya tatu ni kupokezana majaribio ya pointi mbili tu. Sheria hiyo ndo ilifanya Illinois na Penn State waende awamu tisa mwaka 2021, matokeo 20 kwa 18, jamani.

Ukiwa umezoea ligi ya kulipwa ya NFL shika tofauti mbili tatu usije ukabishana bure. Huku mpokeaji akidaka mpira akakanyaga ndani ya uwanja mguu mmoja inatosha, kule wanataka miwili. Huku ukiwa na mpira goti likigusa chini hata kama hujaguswa na mtu mchezo umeisha, kule unaweza kunyanyuka ukakimbia. Alafu kuna ile ya kumlenga mtu kichwani, huku anayefanya hivyo anatolewa uwanjani. Hii mi naiunga mkono hata inapomtoa mchezaji wetu, hawa ni vijana wa miaka 19, 20, wana maisha marefu mbele.

Sasa mbio za konferensi, hapa ndo wengi wanapotea. Konferensi ni ligi ndani ya ligi. Sisi tuko Big Ten, jina linasema kumi ila tangu 2024 timu ni 18, kila moja inacheza mechi tisa za ndani, haiwezekani wote wakutane, mwisho wa msimu wawili wa juu wanakwenda fainali Indianapolis. Wakilingana kinachoangaliwa kwanza ni nani alimfunga nani walipokutana. Zamani ilikuwa ngumu zaidi, bingwa peke yake ndo alikwenda Rose Bowl, ile mechi kubwa ya mwaka mpya huko California, wengine wanabaki nyumbani, na 1973 hawa watani walitoka sare 10 kwa 10, wote hawajafungwa msimu mzima, ikabidi viongozi wa michezo wa vyuo vya Big Ten wapige kura, wakaipeleka Ohio State. Wazee wa Michigan bado wanaiongelea ile kura kama imepigwa jana.

Alafu angalia 2024. Michigan walikuja Columbus wakiwa wameshapoteza mechi tano, Ohio State namba mbili nchi nzima, tukafungwa 13 kwa 10 nyumbani kwetu mbele ya watu zaidi ya laki moja. Nafasi ya fainali ya Big Ten ikaenda kwa Penn State. Lakini mwaka huohuo mtoano wa taifa ulikuwa umepanuliwa kutoka timu nne hadi 12, kwahiyo tukaingia kwa mlango huo, tukawapiga Tennessee, Oregon, Texas, na Januari 2025 Notre Dame 34 kwa 23, mabingwa wa taifa. Na bado, nawaambia kweli, kuna watu mtaani kwetu walioshangilia kombe huku ile 13 kwa 10 inawakaa kooni. Mpaka Novemba 2025 tuliposhinda kwao 27 kwa 9 baada ya kufungwa miaka minne mfululizo ndo watu wakapumua.

Ndo maana naumia nikiona hela za TV zinavuruga hizi dabi. UCLA wa Los Angeles sasa yuko ligi moja na Rutgers wa New Jersey. Stanford iliyo upande wa Pasifiki inacheza konferensi ya Atlantiki! Oklahoma na Oklahoma State, majirani wa jimbo moja, mechi yao ya mwisho ilikuwa 2023 kwasababu Oklahoma kahamia SEC, konferensi ya kusini mashariki. Angalau Texas na Texas A&M walirudiana 2024 tangu walipoachana 2011. Kwahiyo ukichagua dabi, chagua ambayo bado inachezwa kila mwaka.

Na utani uwe utani. Mwisho wa ile mechi ya 2024 wachezaji wa Michigan walitaka kuchomeka bendera katikati ya uwanja wetu, zikapigwa ngumi mpaka polisi wakapuliza dawa ya pilipili, hiyo mi siitaki upande wowote. Mi nakumbuka 2006 wanavyoisimulia hapa: namba moja na namba mbili wanakutana Columbus, siku moja kabla Bo Schembechler, kocha wa miaka mingi wa Michigan aliyewahi kuwa msaidizi wa Woody Hayes hapahapa Ohio State, akafariki. Kesho yake uwanja mzima wa Ohio ukakaa kimya kumheshimu, ndipo wakacheza, 42 kwa 39.

Kwa walioko nyumbani, Ile Mechi ya Novemba kwa kawaida inaanza saa sita mchana kwa saa za huku, yani saa mbili usiku Dar na Nairobi. Tafuta mtu wa kuangalia naye, ikiwezekana mmoja wa upande wa pili.