Homa ya ini: acha vikombe, kapime kabla ya sindano

Mkuu, hiyo safari ya kesho dukani iahirishe kwanza. Unasema unakaa chumba kimoja Tandale na jamaa aliyekutwa na homa ya ini B, mlikuwa mnakula sahani moja, sasa umemtengea kikombe, unaogopa mbu na bomba la choo, unauliza uhame au la. Halafu unamalizia kirahisi tu kwamba muuzaji wa duka la dawa kakwambia uchome chanjo bila kupima, "maana inaua hata kirusi kilichokwishaingia". Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Wa sampuli hiyo nami alinilia hela za dozi 3. Msinicheke, alikuwa amevaa koti jeupe.

Chanjo inazuia, haitibu. Kama kirusi unacho tayari, utachoma ya leo, ya mwezi 1 baadaye na ya mwezi wa 6, utembee kifua mbele, huku ini linaharibika kimyakimya. Ugonjwa huu unaweza kukaa miaka bila macho kuwa ya njano.

Damu itoke kwanza, sindano ifuate. Maabara omba vitu 3: HBsAg (kirusi kipo?), anti-HBs (kinga ipo?) na anti-HBc ya jumla (uliwahi kuambukizwa?). Zote hasi, anza chanjo. HBsAg hasi na anti-HBs 10 au zaidi, una kinga. HBsAg chanya, achana na chanjo, nenda kwa daktari upimwe ini na wingi wa virusi. Kikiwa bado kipo baada ya miezi 6, ni sugu, na si kila mwenye sugu huanzishiwa dawa. Dai karatasi yenye namba. "Uko poa" ya mdomo si jibu.

Kuna wanaochoma leo wakapima keshokutwa. Ndani ya chanjo mna protini ileile inayotafutwa na HBsAg, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma chanya hadi siku 18 na mtu hana kirusi. Utaanza kuaga ndugu bure.

Ila kama juzi damu yake imegusa kidonda chako, usikae kusubiri majibu. Toa damu na uchome siku hiyohiyo, ndani ya saa 24 ikiwezekana, kisha urudie kipimo baadaye, kwa sababu HBsAg huweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza.

Sahani, kikombe, kusalimiana kwa mkono, kikohozi: haviambukizi. Mrudishie jamaa kikombe chake. Kinachonitisha ni kwamba umetenga vyombo vyote na mashine ya kunyolea hukuitaja. Mnayo moja? Wembe, kikata kucha na mswaki ndivyo vya kutenga, maana kirusi hiki huishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi. Damu ikidondoka sakafuni, vaa glavu, ifute, kisha mwagia jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, iache dakika 10 ndipo upanguse.

Na hiyo mizizi ya "kusafisha ini" uliyouziwa Kariakoo usiinywe. Mingine inaliumiza hilohilo ini.

Ukitoka maabara, andika hapa hiyo mistari 3 ilivyosomeka, pamoja na namba ya anti-HBs.