Miguu imejaa, mizani imepanda: je, nipunguze kula?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, nasoma chuo hapa Dodoma, nimepanga chumba Makulu na mwenzangu. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa najinyima chakula. Nilianza kwa kuacha ugali wa usiku, nikaishia kushinda na chai ya rangi na ubuyu, na juu yake nakunywa yale majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa kwa pakiti. Hedhi ilikata. Mwezi uliopita nilianguka kituoni nikisubiri daladala, nikapelekwa hospitali, na sasa nahudhuria kwa mtaalamu wa lishe na mnasihi. Nakula milo mitatu na vitafunwa, majani nimeacha. Lakini Shangazi, ndani ya siku 10 mizani ilipanda kilo 4! Asubuhi macho yamevimba, jioni ndala hazipiti, tumbo kama la mjamzito. Halafu wiki hii nimekula vizuri kuliko zote, mizani ikashuka kilo moja na nusu. Nimechanganyikiwa. Mwenzangu anasema nimeze dawa ya kukojoa ya bibi yake mwenye presha. Jumamosi ijayo nina sherehe nyumbani Mpwapwa, na naogopa macho ya watu. Nipunguze kula kidogo mpaka mwili utulie?*
*Binti wa Makulu*

Marahaba, mwanangu.

Usipunguze. Na hiyo dawa ya bibi usiiguse hata nusu kidonge. Mtu aliyejinyima muda mrefu na kuharisha kwa majani mara nyingi ana upungufu wa potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa, na dawa nyingi za kukojoa huitoa potasiamu hata ile kidogo iliyobaki. Potasiamu ikishuka sana, moyo hupoteza mapigo yake. Bibi ameandikiwa na daktari kwa hali yake yeye, si kwa ya kwako.

Uzito wako wenyewe nimeufuta kwenye barua kabla haijachapwa. Najua wapo watakaousoma na kukimbilia mizani kujilinganisha. Nimeacha tu zile kilo 4 zilizopanda na ile moja na nusu iliyoshuka, maana ndizo swali.

Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Niliacha kula, na wakati huo hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa huo, walisema nimerogwa. Nilirudishwa kwa bibi yangu Kongwa. Akanianzishia uji wa uwele wenye karanga, kikombe kwa kikombe, kisha ugali na mlenda. Wiki ya pili miguu ikajaa. Bibi akanibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, pakabaki shimo. Niliogopa nikaanza tena kumwagia mbwa chakula changu. Siku chache tu, miguu ikakauka. Nikaamini nimeshajua adui ni nani, kumbe ndiyo kwanza nimejifunga. Uliponijia tena ujasiri wa kula, miguu ilijaa vilevile, nikaanza mlima ule ule kutoka chini. Nilipoteza karibu mwaka mzima hivyo. Baadaye nikawa muuguzi, nikafanya kazi wodini miaka mingi, ndipo nikaelewa ule uvimbe ulikuwa nini.

Yalikuwa maji, mwanangu. Mafuta ya kilo 4 hayajengwi kwa siku 10 kwa sahani ulizonitajia. Ukikaa na njaa, mwili humaliza akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, ile inayoitwa glaikojeni. Ukianza kula unaijaza upya, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Papo hapo insulini, homoni inayosimamia sukari, inapanda, nayo huziambia figo zishike chumvi, na chumvi haikai bila maji. Ongeza yale majani. Kila ulipoharisha, mwili ulipoteza maji, ukajifunza kuyang'ang'ania kwa homoni inayoitwa aldosteroni. Umeacha majani, lakini homoni bado iko juu, inashika maji kama vile ukame haujaisha. Huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki chache, kushuka. Na utumbo wako umezoea kusukumwa, kwa hiyo sasa choo kinachelewa, tumbo linajaa, na hicho nacho kina uzito wake.

Ndiyo maana usisome mizani siku moja baada ya kula dagaa wa chumvi au mlenda uliotiwa magadi mengi. Magadi yana sodiamu kama chumvi. Sisemi uache mlenda, Mungu anisamehe nikimkataza mtoto wa Dodoma mlenda. Nasema ujue kilichopanda ni nini. Jioni lala chali uinue miguu juu ya mto, na maji ya kunywa usijinyime.

Kushuka kwa wiki hii nako kuna sababu. Sehemu yake ni maji yaleyale yanayotoka. Sehemu nyingine ni kwamba mwili uliokuwa umezima taa ili uishi sasa unaziwasha zote: joto linarudi, moyo unaongeza mwendo, nywele, ngozi na misuli vinadai fungu lao. Je, usiku unatoka jasho, unaona joto hata upepo wa Dodoma ukivuma? Wengi hupitia hivyo. Katika hali hiyo mtu anaweza kula vizuri na uzito ukasimama au ukashuka, na mtaalamu wako huenda akakuongezea chakula, si kukupunguzia.

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, 1944 hadi 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa wiki 24. Walikuwa wanaume wenye afya, hawakuwa na ugonjwa wowote wa kujinyima. Miguu ilivimba, na walipoanza kulishwa, njaa yao haikuisha kwa miezi. Mafuta yalitangulia kurudi, misuli ikafuata nyuma. Kwa anayepona, mafuta hayo mara nyingi hutangulia tumboni, utaliona na wewe. Kwa wengi yanajisambaza yenyewe kadiri miezi inavyokwenda, ila tu mtu asikatishe kula katikati.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Maji ya kawaida ya kupona hujaa miguu yote miwili na hayakuzuii kupumua. Moyo ukidunda ovyo, pumzi ikikatika, ukichanganyikiwa, ukiishiwa nguvu ghafla, au mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Mtu aliyekaa na njaa akianza kula, fosfeti, madini mengine ya damuni, inaweza kuporomoka na hilo huua. Uvimbe wako mwoneshe mtaalamu wako kesho, usingoje kliniki ijayo, na umwombe vipimo vya damu vya potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo, Benjamin Mkapa ipo. Na ukielekezwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nenda. Najua mjini hapa jina hilo limefanywa tusi. Wanaolitukana hawatakaa na wewe usiku ukilia mbele ya sahani.

Mizani iliyo chumbani itoe leo, mpe mtu wa mbali, si mwenzako wa chumba. Kliniki wakikupima, omba ugeuze mgongo wasikusomee namba.

Kuhusu Mpwapwa. Watu wa kwetu wakimpenda mtu humwambia "umenawiri, umenenepa!" Wanamaanisha Mungu amekuponya, ila wewe utasikia kisu. Mpigie mama kabla ya Jumamosi, mwambie hivi: "Mama, naomba siku hiyo mtu asizungumzie mwili wangu, hata kwa kunisifu." Atawanong'oneza shangazi zako, sisi tunaelewana. Vaa gauni lisilobana na viatu vya wazi. Kaa karibu na mtu anayejua hali yako, akupakulie, na ule pilau wenzako wanapokula.

Niandikie tena baada ya mwezi. Namba ya mizani usiniandikie. Niandikie umelalaje, na kama ndala zimeanza kupita.