Mawe ya figo yanayorudi: pima na tezi za shingoni

Shikamoo daktari. Nimetolewa mawe kwenye figo mara mbili, sasa naambiwa ugonjwa uko shingoni. Inawezekanaje?

Marahaba. Inawezekana kabisa. Nyuma ya tezi ya thairoidi zipo tezi nne za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele, zinazolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu kwa homoni ya PTH. Mara nyingi moja huota uvimbe usio wa saratani, ikamwaga homoni kupita kiasi. Kalsiamu hutolewa mifupani, hujaa kwenye damu, na nyingine huishia kwenye mkojo, ambako huganda kuwa mawe. Kila anayerudiwa na mawe aombe kalsiamu na PTH zipimwe pamoja. Kalsiamu ikipanda, PTH yapaswa kushuka. Isiposhuka, mshukiwa wa kwanza ni tezi hizo. Inaniuma kuona mgonjwa akitolewa mawe mara kwa mara bila kipimo hiki.

Kreatinini yangu, kile kipimo cha damu cha figo, ni ya kawaida. Basi figo ni nzima?

Si lazima. Mwanamke wa miaka 70 mwenye kreatinini ya mikromoli 95 anaweza kuambiwa yuko sawa, kumbe uwezo wake wa kuchuja, eGFR, uko karibu na 56. Kwa mwenye ugonjwa huu wa tezi, eGFR ikishuka chini ya 60, hiyo peke yake ni sababu ya kuzungumzia upasuaji wa kuondoa tezi mbovu, hata kama huumwi popote.

Nikipasuliwa, figo zitarudi zilivyokuwa?

Sehemu iliyokwisha kuwa kovu hairudi. Tunachotafuta ni kuzuia zisizidi kuharibika na kupunguza mawe mapya, kwa hiyo usiahirishe. Charles Martell, nahodha wa meli wa Marekani aliyekuwa na ugonjwa huu, alipasuliwa mara saba kuitafuta tezi mbovu. Ilipatikana mwaka 1932, imejificha kifuani. Wiki chache baadaye alifariki kwa matatizo ya mawe ya figo.

Niache maziwa na dagaa?

Usiache. Ukijinyima kalsiamu, PTH huzidi. Kunywa maji ya kutosha, epuka dawa ya maumivu ya diklofenaki, na mwulize daktari kama dawa yako ya presha ni ya kundi la thayazaidi, maana hupandisha kalsiamu.

Mume wangu anasafishwa damu na PTH yake iko juu sana. Ni ugonjwa huohuo?

Hapana, dada. Kwake figo ndizo zilizotangulia kushindwa: fosfeti ikajaa, vitamini D ikakosa kuamshwa, tezi zikalazimika kufanya kazi ya ziada. Huanza kutibiwa kwa kupunguza fosfeti na kumpa vitamini D iliyo tayari kutumika.